Biti kwa Foleni: Ngomeni na Habari za Angani

Rasi ya Ngomeni, kilomita 30 hivi kaskazini ya mji wa Malindi, ni mahali pa wavuvi na mikoko. Katika miaka ya 1960 Waitaliano wakiongozwa na Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma walisimamisha baharini, mkabala na rasi hiyo, majukwaa mawili yenye miguu ya chuma: San Marco na Santa Rita. Walipapenda kwa kuwa ni karibu na ikweta, ambapo mzunguko wa dunia huipa msukumo wa ziada roketi inayoelekea mashariki. Setilaiti ya kwanza ilirushwa hapo tarehe 26 Aprili 1967. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru, ikafuata setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miale ya eksirei, nayo ikapewa jina la Uhuru. Ya mwisho, ya 9, ilirushwa Machi 1988.

Roketi ndizo zinazokumbukwa, lakini kazi iliyodumu ni ya madishi yaliyoko nchi kavu, kwenye kituo kinachojulikana kwa jina la Malindi. Vipimo vyote vya setilaiti hugeuzwa kuwa biti, yaani 0 na 1, zikashuka kwa foleni juu ya wimbi la redio. Kila kifungu hutanguliwa na mpangilio wa biti usiobadilika. Kituo kikiutambua, kinajua kuhesabu: hizi ni za joto la betri, zile ni za kifaa cha kupimia miale.

Mashine za kukereza chuma zinazoongozwa na kompyuta zilizoea kupokea programu kwa foleni kama hiyo, kupitia waya wa kiwango cha RS-232, kilichotolewa Marekani mwaka 1960. Karakanani, hata hivyo, kumbukumbu ya mashine ikijaa, mashine huiashiria kompyuta isubiri, kisha huiruhusu iendelee. Setilaiti haisubiri mtu. Ikishazama upande wa mashariki, biti ambazo hazijashuka zitangoja mzunguko mwingine.

Hali hiyo ilionekana wazi kwa BeppoSAX, setilaiti ya Kiitaliano iliyorushwa kutoka Florida Aprili 1996. Ilipita juu ya Malindi kila baada ya dakika 100 hivi, na kila ilipopita kituo kilikuwa na dakika zipatazo 10 za kukomba takriban biti milioni 450 zilizohifadhiwa kwenye kinasa chake, kabla ya kuzipeleka Roma. Tarehe 28 Februari 1997, saa 12 kasoro dakika chache alfajiri kwa saa za Kenya, ilinasa mlipuko wa miale ya gama. Data zilipowafikia wataalamu Roma, setilaiti iligeuzwa kuelekea upande ule, na saa 8 baada ya mlipuko ikauona mwanga wa eksirei ukififia. Kabla ya hapo hakuna mlipuko wa aina hiyo uliokuwa umeonekana ukiacha mabaki ya mwanga.

BeppoSAX ilizimwa mwaka 2002, lakini madishi hayakukaa bure. Swift ya mwaka 2004, AGILE ya 2007 na NuSTAR ya 2012 zote zimeteremsha data zake Malindi. IXPE, iliyorushwa Desemba 2021, inazunguka karibu sawasawa juu ya ikweta, na Malindi ndicho kituo chake kikuu cha kupokelea.