Mlezi wa Tarajali

Mwanafunzi wa chuo cha Usa River au Tengeru, mkoani Arusha, akiulizwa atakuwa wapi muhula ukifungwa, jibu lake ni fupi: "Naenda fildi." Neno limekaa vizuri mdomoni, ila linataja mahali tu, kwamba ni nje ya darasa. Halisemi anakwenda kufanya nini, wala nani anamngoja huko. Vyuo huandika "mafunzo kwa vitendo", na hapo angalau namna ya kujifunza inatajwa. Serikali ilipotoa miongozo yake mwaka 2017 ilitenganisha mambo mawili: uanagenzi, yaani kujifunza kazi chini ya fundi, na mafunzo tarajali ya mhitimu anayetafuta uzoefu kazini. Neno tarajali halikuwa geni. Magazeti yalikwisha kulizoesha masikio kwa habari za madaktari tarajali.

Kwa kijana anayeandaliwa kuwahudumia vijana wa usharika au parokia, tarajali ni neno zuri kuliko fildi. Msikilizaji husikia ndani yake kutarajia: huyu bado hajakabidhiwa kazi, lakini wapo wanaomtazamia. Hapo ndipo swali linapozuka. Nani hasa anamtazamia? Tarajali hawezi kuwa tarajali peke yake, kama vile mwali hawezi kuwa mwali bila kungwi.

Pwani wangemwita mtu huyo kungwi au somo, lakini maneno hayo yana unyago ndani yake na hayakupanda Mlima Meru kwa kazi ya kanisa. Yanayotumika ni manne. Msimamizi ndiye anayetia saini daftari la fildi na kujaza fomu ya tathmini. Mshauri husubiri kuulizwa. Mnasihi huendewa na mwenye tatizo. Linabaki mlezi, neno lililotoka katika kulea, kazi ambayo wahenga waliipima waliposema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana.

Neno hili nalo lina kasoro, na ni heri isemwe wazi. Makanisani Arusha, kama kwingineko Tanzania, "mlezi wa kwaya" au "mlezi wa vijana" mara nyingi ni mtu mwenye uwezo anayealikwa kuongoza harambee ya vyombo vya muziki. Mchango wake ni halali na unahitajika, lakini huenda asijue hata jina la kijana mmoja kati ya wale anaoitwa kuwalea. Tarajali akipewa mlezi wa namna hiyo amepewa mfadhili. Dawa si kulitupa neno. Ni kulirudisha kwenye maana yake ya kwanza, na mlima wenyewe una ushahidi kwamba inawezekana.

Waarusha, wakulima wasemao Kimaa kwenye miteremko ya Meru, wamejipanga kwa marika kama ndugu zao Wamasai. Mwanaanthropolojia Philip Gulliver aliueleza mpangilio huo katika kitabu chake cha mwaka 1963. Rika jipya la vijana halilelewi na rika lililolitangulia, kwa kuwa hao ni wapinzani wanaogombea nafasi. Hulelewa na rika la pili juu yake, wazee wanaowapekechea moto katika sherehe, na uhusiano huo huitwa olpiron, jina la kijiti cha kupekechea. Wazee hao huwafundisha vijana wao, huwaonya, huwabariki, na huwatetea mbele ya wengine. Ipo hekima hapo ambayo waandaaji wa fildi wangeweza kuichukua: mwenye kulea asiwe yule ambaye kijana anakuja kushika nafasi yake. Katibu wa vijana anayehofia kiti chake hatamlea tarajali hata akiandikiwa barua.

Uingereza nako, wanaosomea kazi ya kuwahudumia vijana kwa kawaida huwa na watu wawili tofauti: mmoja husimamia kazi, mwingine hukaa nao kuzungumza juu ya waliyoyapitia. Wasomaji wa Biblia wanaijua tofauti hiyo kati ya msimamizi na mlezi. Marko alimwacha Paulo huko Perge ya Pamfilia akarudi Yerusalemu. Safari iliyofuata Paulo akakataa kumchukua, na kwa macho ya msimamizi hakukosea. Barnaba, mwenzake Paulo, alimchukua wakaenda Kipro. Miaka baadaye ni Paulo mwenyewe anayemwandikia Timotheo amlete Marko, kwa sababu anafaa kwa utumishi. Fomu ya tathmini ingekuwa imemfunga Marko pale Perge.

Tofauti hii huonekana katika mambo madogo. Chukua mfano wa tarajali anayeandaa semina ya vijana Jumamosi alasiri karibu na Tengeru. Wanakuja watano. Msimamizi anaandika "mahudhurio hafifu", na kweli yalikuwa hafifu. Mlezi angemuuliza swali moja: Jumamosi Tengeru kuna nini? Kuna soko kubwa, na nusu ya vijana wa usharika wako pale wakiuza ndizi na nguo za mitumba, wakibeba mizigo au kusubiri abiria wa bodaboda. Wengine wamepanda mlimani na watalii kama wapagazi, na watarudi msimu ukipungua.

Wiki inayofuata mlezi na tarajali wake wanaingia sokoni asubuhi pamoja, bila vipeperushi wala spika, na mlezi anaanza kumtambulisha kwa majina, meza baada ya meza.