Ushauri wa mbali haukuanza na simu janja

Tuko wiki ya kumi ya semista, madesa yamejaa mezani na bumu limeshakata zamani, kwa hiyo mtanisamehe nikiandika kwa haraka. Leo naomba tuongee historia kidogo.

Juzi pale kantini ulizuka ubishi. Dada mmoja wa mwaka wetu, mwenye mtoto wa miaka miwili anayelelewa na bibi yake kijijini, alisema kila Alhamisi usiku anaongea na mshauri nasaha kwa simu. Mtoto siku hizi akipigiwa anakataa kuongea na mama yake, na yeye usingizi umempotea. Meza nzima ikacheka. Jamaa mmoja akasema hayo ni mambo yaliyokuja juzi na simu janja, mwenye shida aende kwa wazazi wake. Mimi nasoma historia, na hiyo "yamekuja juzi" ndiyo iliyonikera.

Tuanzie London, mwaka 1691. Mchapishaji mmoja, John Dunton, alianzisha gazeti lililoitwa Athenian Mercury. Msomaji alituma swali lake bila jina, la ndoa, la dini, la dhamiri, na jibu likachapishwa gazetini. Umeona? Miaka zaidi ya mia tatu iliyopita mtu alishagundua kwamba kuna mambo ni rahisi kumwambia asiyekujua kuliko jirani yako. Na sisi tunalijua hilo vizuri. Wanaosoma Taifa Leo la Kenya wanaijua safu ya "Shangazi Akujibu". Shangazi wa damu yupo, lakini akiambiwa leo, kesho ukoo mzima una habari!

Sasa twende Vienna, kwa sababu kisa hiki kinamhusu mzazi hasa. Mwaka 1908 mtoto wa kiume wa miaka minne hivi aliingiwa na hofu ya farasi. Enzi hizo farasi ndio daladala za mjini, kwa hiyo ikawa kutoka nje ni shida. Baba yake, Max Graf, aliyekuwa mwandishi wa habari za muziki, hakumpeleka mtoto kulazwa popote. Alikuwa akiandika anachosema na kufanya mtoto, akampelekea Sigmund Freud, naye Freud akamwelekeza baba la kufanya. Katika matibabu yote yale Freud alikutana na mtoto kuzungumzia hofu hiyo mara moja tu. Kisa kilichapishwa mwaka 1909 kwa jina la "Hans mdogo". Maelezo ya Freud kuhusu chanzo cha hofu ile yamepingwa sana tangu hapo, na nadhani kwa haki. Ila ule mpangilio utazameni: mzazi yuko nyumbani na mwanawe, mshauri yuko mbali, katikati kuna karatasi. Mtoto yule, Herbert Graf, alikua salama na baadaye akawa mwongozaji wa opera huko New York.

Baada ya karatasi ikaja simu. Tarehe 2 Novemba 1953, kasisi Chad Varah alianza kupokea simu za watu waliokata tamaa, katika kanisa la St Stephen Walbrook, London. Ndio mwanzo wa Samaritans. Kilichomsukuma ni mazishi ya msichana aliyoyaongoza mwaka 1935. Binti yule alipata hedhi kwa mara ya kwanza, hakuwa na wa kumwuliza, akadhani ni ugonjwa wa aibu, akajiua. Wadau, hapo nilifunga kitabu kwanza. Swali moja tu, na hakukuwa na mtu wa kuliuliza.

Kuna jambo jingine Varah aliligundua. Watu wa kujitolea waliokuja kuwapa chai waliosubiri foleni walikuwa wakikaa nao na kuwasikiliza, na wengi wakimaliza chai hawakuwa na haja tena ya kumwona yeye. Mwaka 1954 akawaachia hao kazi ya kusikiliza.

Marekani nako, jimbo la Nebraska, madaktari wa akili walikuwa wachache na hospitali ziko mbalimbali. Mwaka 1959 Cecil Wittson na wenzake walianza kutumia televisheni ya pande mbili, na mwaka 1964 wakaiunganisha taasisi yao ya Omaha na hospitali ya Norfolk, umbali wa kilomita 180 hivi. Hiyo ni video kabla hata mwanadamu hajakanyaga mwezini!

Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa MIT akatangaza programu ya kompyuta iitwayo ELIZA. Ilikuwa haielewi chochote, inadaka maneno na kukurudishia. Ukiandika "mama hanielewi", inakuuliza habari zaidi za mama. Weizenbaum alishangaa kuona katibu muhtasi wake, anayejua kabisa kwamba ni programu tu, anamwomba atoke chumbani ili aongee nayo faragha. Jambo hilo lilimtisha, na mwaka 1976 akaandika kitabu kizima cha kuonya. Wanaomwaga siri zao leo kwa mashine wamkumbuke mzee huyu.

Na sisi wa kampasi tumo kwenye historia hii. Mwaka 1986 chuo kikuu cha Cornell kilifungua huduma ya "Ask Uncle Ezra". Mwanafunzi anaandika shida yake kwenye kompyuta ya chuo bila jina, "mjomba" anajibu, na wengine wanasoma. Wanafunzi wenzetu kabisa, wenye sapu zao na mapenzi yao.

Lakini kisa kinachonigusa kuliko vyote kiko Zimbabwe. Mwaka 2005 daktari Dixon Chibanda alimpoteza mgonjwa wake, binti aliyejiua. Familia ilishindwa kumrudisha hospitali kwa sababu ya nauli ya basi, dola 15. Mwaka uliofuata akawafundisha bibi 14 wa Mbare, Harare, wakae kwenye benchi na kusikiliza watu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, wa watu 573, ulionyesha kwamba waliokaa na hao bibi walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Yaani umbali wenyewe unaweza kuua, na dawa ni kumsogeza msikilizaji, kwa benchi au kwa simu.

Janga la 2020 lilipofunga shule, mashirika ya kimataifa yalisambaza ushauri wa malezi kwa lugha zaidi ya 100. Mwanza nako imejaribiwa ParentApp, programu ya wazazi wenye watoto wa rika la balehe, iliyotengenezwa ifanye kazi hata bando likiisha.

Sisemi kila kitu ni shwari. Mwaka 2023 mamlaka ya biashara ya Marekani iliibana kampuni ya BetterHelp ilipe dola milioni 7.8, kwa kupeleka taarifa za wateja kwa makampuni ya matangazo ikiwemo Facebook. Siri ndiyo inayomleta mtu kwenye ushauri wa mbali, ikiuzwa basi hakuna kilichobaki. Kwa hiyo kabla hujafungua moyo uliza: huyu ni nani, kasomea wapi, maneno yangu yanakaa wapi? Na hali ikiwa ya hatari, mtu anafikiria kujidhuru, usisubiri simu ya Alhamisi. Mshike mkono mpeleke hospitali.

Kwa masuala ya watoto, Tanzania na Kenya kuna namba 116, ni bure, na mzazi au mlezi anaruhusiwa kupiga. Iandikeni mahali.

Naomba kuwasilisha. Msuli unaniita.