Talaka Ikija, Hati Ina Jina la Nani?

Mkipita Mji wa Kale, msipige picha milango ya nakshi tu. Ulizeni nyumba ni ya nani. Hapo ndipo hesabu ya talaka inapoanzia.

Uingereza, hadi sheria ya 1882, mali nyingi za mke zilikuwa mikononi mwa mumewe. Huku Mombasa, sheria ya Kiislamu ilikuwa ishasema zamani: mahari, dhahabu na urithi wa mke ni vyake, aolewe aachwe. Dhahabu ya bibi zetu haikuwa pambo tu, ilikuwa akiba.

Ndoa ikivunjika, utaratibu upo. Mahari ambayo hayajalipwa ni deni, mume alipe. Eda, kama miezi mitatu hivi, agharamie. Matunzo ya watoto ni juu yake. Akikaidi, kwa kadhi. Lakini mke akiomba khului, mara nyingi anarudisha mahari. Kutoka nako kuna bei.

Sasa nyumba mliyojenga pamoja, hati ina jina moja? Hapo ndipo pagumu. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inahesabu hata kupika na kulea kama mchango, ila Mwislamu anaweza kufuata sheria ya dini. Na Januari 2023 Mahakama ya Juu ilisema wazi: hakuna nusu kwa nusu ya bure, thibitisha ulichochangia.

Basi pendaneni, sina neno. Ila ukinunua mabati, risiti iandikwe jina lako. Na uiweke.