Si Mafuta, Wala Si Muhimu

Juzi dukani, mama mmoja aliyekuwa mbele yangu alishika kichupa cha mililita 10 kilichoandikwa "mafuta muhimu ya lavenda", akamuuliza muuzaji: "Haya mwanangu, hunywewa kijiko kimoja asubuhi, kama yale ya samaki?" Muuzaji alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu mama alisoma alichoandikiwa.

Neno la Kiingereza lililotafsiriwa hapo lina maana mbili: kitu kisichokosekana, na kitu kinachohusu kiini. Mfasiri alichukua ya kwanza, ilhali iliyokusudiwa ni ya pili. Wanaalkemia wa Ulaya, Paracelsus wa karne ya 16 akiwa miongoni mwao, walitafuta kwa moto kile walichokiita kiini cha tano, yaani ile nguvu iliyofichika ndani ya mmea. Kiini hicho ndicho kilichobaki katika jina. "Muhimu" liachiwe zile asidi za mafuta ambazo mwili hauwezi kujitengenezea, nazo zimo humo humo kwenye mafuta ya samaki ya yule mama.

Hata hilo "mafuta" lina walakini. Dondoshea karatasi tone la samli, doa halitoki. Dondoshea tone la lavenda safi, baada ya muda limeruka lote hewani. Mafuta haya ni vimiminika vinavyokenekwa: mvuke hupitishwa katika majani au maua, hubeba harufu, hupozwa, kisha maji na mafuta hujitenga. Kwa kawaida mafuta huelea. Ya karafuu huzama, maana ni mazito kuliko maji, na Pemba hukenekwa hata kutokana na makonyo, vile vikonyo vinavyobaki karafuu ikishachambuliwa.

Lugha yetu haikusubiri vichupa hivi. Kamusi za zamani zina halwaridi, mafuta ya mawaridi, na haludi, ya udi. Maji ya mawaridi ni marashi. Tena tuna kitenzi ambacho lugha nyingi zingetuonea wivu: kunuka ni jambo moja, kunukia ni jingine. Kwa hiyo naona jina lipo tayari, mafuta ya kunukia, wala hatuhitaji kamati.

Je, yanatuliza? Neva za kunusa hufikisha habari kwenye sehemu za ubongo zinazoshughulikia hisia na kumbukumbu bila kupitia kwanza kituo ambacho milango mingine ya fahamu hupitia. Ndiyo maana harufu ya asumini au langilangi humrudisha mtu harusini kabla hajakumbuka ni ya nani. Lakini kutoka hapo hadi kwenye tiba ni safari. Mkemia Mfaransa René-Maurice Gattefossé ndiye aliyeipa tiba ya harufu jina, kwa kitabu chake cha mwaka 1937. Mwaka 2008, Janice Kiecolt-Glaser na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ohio State walichapisha jaribio la watu 56 walionusishwa limau, lavenda na maji. Limau liliwachangamsha, hata wale ambao hawakuambiwa watarajie nini. Lavenda yenye sifa zote hizo haikuonyesha hivyo, na mapigo ya moyo, shinikizo la damu na maumivu havikubadilika kwa namna ya kutegemewa. Majaribio mengine yameona lavenda ikipunguza wasiwasi kidogo. Taabu ni kwamba anayenusa lavenda anajua ananusa lavenda, na matarajio nayo hutuliza.

Bibi zetu walioweka ubani kwenye chetezo walisema unaburudisha moyo. Hawakusema unaponya shinikizo la damu. Hapo ndipo "muhimu" linapodhuru: linageuza kiburudisho kuwa dawa, na dawa watu huinywa. Mafuta ya karafuu yakimezwa na mtoto yanaweza kuharibu ini; ya mkaratusi yanaweza kumtia degedege.

Kwa hiyo nawaomba wanaochapisha lebo: futeni "muhimu", andikeni "mafuta ya kunukia", na chini yake, kwa herufi kubwa, "si ya kunywa".