Taarifa ya Mteremko: Kuta za Migodi ya Kolwezi na Ilimu ya Maporomoko

Katika Kongo nzima theluji ya kudumu haionekani ila juu ya vilele vya Ruwenzori, na mwenyeji wa Kolwezi yamkini akaishi umri wake wote pasi na kuigusa. Walakini ilimu ya maporomoko ya theluji, iliyokuzwa na watu wa milima ya Ulaya, ina jambo la kutufaa sisi wa mkoa wa Lualaba, ambao miteremko yetu ya kuogopwa haikuumbwa, bali imechimbwa.

Wajuzi wa theluji wamethibitisha kwamba poromoko lenye kuua watu aghalabu huanzia kwenye mteremko wa nyuzi 30 hadi 45, mahali ambapo bamba gumu limelala juu ya tabaka dhaifu lisiloonekana. Na katika maafa 10, takribani 9 huanzishwa na uzito wa aliyefukiwa mwenyewe au wa mwenzake. Kwa hiyo hawakutosheka kuwaambia watu kwamba milima ina hatari, neno ambalo kila mtu alikwisha kulijua. Kutoka Davos, huko Uswisi, hutolewa katika majira ya baridi taarifa ya kila siku yenye viwango 5, kipimo ambacho nchi za Ulaya zilikubaliana nacho mwaka 1993, ikieleza hatari iko upande gani wa mlima, kuanzia kimo gani, na kwa sababu gani. Msomaji hakatazwi kupanda. Hupewa cha kuamulia.

Sasa tutazame kwetu. Mwamba wenye shaba na kobalti ni matabaka ya dolomiti na ya udongo uliogeuka jiwe, yaliyokunjwa na kuvunjwavunjwa tangu zama za kale, na sehemu yake ya juu, iliyoozeshwa na maji, ndiyo nyepesi kuchimbika, na ndiyo hiyo hiyo isiyojishika. Zinyeshapo mvua, tangu Novemba hadi Aprili, maji huingia nyufani, yakaongeza uzito, yakausukuma mwamba kutoka ndani, na kutia utelezi baina ya tabaka na tabaka. Tarehe 8 Machi 2016 ukuta wa mgodi wa wazi wa KOV, wa Kamoto Copper Company, uliporomoka, wakafa wafanyakazi 7. Hapo mtu angeweza kuilaumu mvua, akanyamaza. Lakini tarehe 27 Juni 2019, katikati ya kiangazi, kwenye eneo la mgodi uo huo, mapango yaliyochimbwa na wachimbaji wa mikono katika ngazi za ukuta yalibomoka, yakaua watu takribani 40. Safari hii kazi ya mvua ilifanywa na sululu, na yeyote aliyekuwa akiitazama kalenda ya mvua peke yake asingekuwa na la kuwaonya.

Mbele ya maafa haya jawabu letu limekuwa katazo. Baada ya Juni 2019 waliletwa askari kuwatoa wachimbaji. Tarehe 15 Novemba 2025, katika machimbo ya Kalando, kuingia kulikuwa kumepigwa marufuku, kwa maelezo ya viongozi wa mkoa, kwa sababu ya mvua na hatari ya maporomoko. Watu wakaingia, na katika taharuki, ambayo wengine waliinasibisha na milio ya risasi, daraja la kubahatisha lililovuka mtaro wa maji likavunjika, wakafa wasiopungua 32. Simlaumu aliyekataza. Nasema tu kwamba katazo lina kiwango kimoja, nacho hakimfundishi mtu kitu: Jumatatu amekatazwa, ameingia, ametoka na gunia lake salama, Jumanne hali kadhalika, na ifikapo siku ambayo ukuta kweli unatembea, onyo limekwisha kuchujuka masikioni mwake.

Na ukuta utembeapo, wako wanaoweza kuujua. Migodi mikubwa ya wazi duniani hutumia rada zinazopima mwendo wa milimita chache, na wahandisi huondoa mitambo yao kabla ya anguko. Maarifa hayo hukomea kwenye ua wa mgodi. Hoja yangu ni kwamba yavuke ua: taarifa ya kila asubuhi, kwa Kiswahili, katika redio za Kolwezi, ikitaja ukuta upi na kwa sababu ipi.

Zitasema kampuni kwamba kumwonya mvamizi ni kumpa idhini. Hoja dhaifu, kwani aonywaye na mwenye kisima kwamba ukingo umelika hakupewa kisima. Iliyo nzito zaidi ni kwamba mpanda theluji hufuata starehe na mchimbaji hufuata chakula cha wanawe, hivyo uhuru wa kurudi nyuma hawaupati sawa. Naikubali, na ndiyo sababu taarifa isiseme tu ingia au usiingie; imwambie upande wa kuepukwa, na chini ya ngazi ipi asichimbe pango. Ama gharama, sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 huzitaka kampuni zitoe angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zilizo jirani na migodi, na sioni jamii iliyo jirani zaidi na ukuta kuliko walio chini yake.