Mafuta ya kujikinga na jua shuleni: mtoto yupi anayahitaji, na kwa wakati gani

Wazazi na walezi huuliza mara kwa mara iwapo mtoto anapaswa kupakwa mafuta ya kukinga mionzi ya jua kabla ya kwenda shule. Jibu halifanani kwa watoto wote. Kwa mwanafunzi mwenye ngozi nyeusi na afya njema, mafuta hayo si hitaji la kila siku. Kivuli, maji ya kunywa na kofia vinamtosha. Kwa mwanafunzi mwenye ualbino, mafuta hayo ni hitaji la kila siku ya masomo, sawa na miwani kwa asiyeona mbali. Akiyakosa katika miaka ya shule ya msingi, madhara yake yanaweza kujitokeza baadaye, akiwa kijana, kwa sura ya saratani ya ngozi.

Mkanganyiko uliopo unatokana kwa kiasi kikubwa na ushauri ulioandikwa kwa ajili ya nchi nyingine. Nchini Australia, ambako wakazi wengi wana asili ya Ulaya na ngozi nyeupe, kampeni za kujikinga na jua zilianza mwaka 1981, na shule nyingi za msingi huko haziruhusu mtoto asiye na kofia kucheza uwanjani. Nchini Marekani mafuta ya kukinga jua huhesabiwa kisheria kuwa dawa isiyohitaji cheti cha daktari, na kwa sababu hiyo baadhi ya majimbo yalilazimika kutunga sheria za kuwaruhusu wanafunzi kuyabeba na kujipaka shuleni. Ushauri huo ni sahihi kwa mazingira yake. Ukihamishiwa Tanzania bila kupimwa, unamtwisha mzazi wa kawaida gharama asiyoihitaji, na wakati huohuo unamficha mtoto anayehitaji kinga hiyo kuliko wengine wote.

Kinachoumiza ngozi si joto la jua bali mionzi ya urujuanimno, ambayo haionekani kwa macho wala haihisiwi mwilini. Ngozi ya binadamu hujikinga kwa melanini, kemikali inayoipa rangi nyeusi au ya maji ya kunde. Melanini hufyonza mionzi kabla haijafika kwenye tabaka ambako seli mpya za ngozi huzaliwa. Mtoto mwenye ngozi nyeusi, kwa hiyo, ana kinga ya asili aliyozaliwa nayo. Kinga hiyo si kamili, kwani ngozi nyeusi nayo huweza kuungua, lakini saratani ya ngozi inayosababishwa na jua ni nadra sana kwa watu wa rangi hiyo.

Jua la Tanzania na ratiba ya shule

Tanzania Bara na Zanzibar ziko karibu na Ikweta, na mionzi ya urujuanimno huwa mikali karibu mwaka mzima. Jijini Dar es Salaam jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena katika siku kumi za kwanza za Oktoba. Bukoba, iliyo karibu zaidi na Ikweta, hupata hali hiyo katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba. Vipindi vyote viwili huangukia ndani ya mihula ya masomo, kwa kuwa likizo ndefu huwa Juni na Desemba.

Saa ya ukutani nayo hudanganya kidogo. Nchi nzima inatumia saa moja, lakini jua hufika kilele chake Dar es Salaam yapata saa 6:23 mchana kwa wastani wa mwaka, Mwanza yapata saa 6:48, na Kigoma karibu saa 7:00. Mwanafunzi wa Kigoma anayetoka darasani saa 8:30 mchana anakutana na jua kali kuliko mwenzake wa Dar es Salaam anayetoka saa hiyohiyo.

Mwinuko wa ardhi huongeza ukali huo. Kila mita 1,000 za kwenda juu huongeza mionzi kwa takribani asilimia 10. Mji wa Njombe uko katika mwinuko wa karibu mita 2,000, hivyo mtoto anayevaa sweta kwa baridi huko anaweza kupata mionzi mikali kuliko anayetokwa na jasho pwani. Mawingu mepesi nayo hupitisha sehemu kubwa ya mionzi. Siku ya ubaridi na mawingu ndiyo siku ambayo wengi husahau kofia.

Kipimo rahisi kisichohitaji chombo chochote ni kivuli cha mtoto mwenyewe. Kikiwa kirefu kuliko kimo chake, mionzi ni hafifu. Kikiwa kifupi kuliko kimo chake, mionzi ni mikali na kinga inahitajika. Kwa sehemu kubwa ya mwaka, hali ya pili huwepo kati ya saa 4:00 asubuhi na saa 9:00 alasiri. Mapumziko ya asubuhi, chakula cha mchana na, katika shule nyingi, safari ya kurudi nyumbani, vyote vimo ndani ya saa hizo.

Mtoto mwenye ualbino

Ualbino ni hali ya kurithi inayotokea pale mtoto anapopata vinasaba vya hali hiyo kutoka kwa wazazi wote wawili, ambao mara nyingi wenyewe hawana ualbino. Mwili hutengeneza melanini kidogo sana au hautengenezi kabisa. Inakadiriwa kuwa nchini Tanzania mtu mmoja kati ya 1,400 ana ualbino, ilhali Ulaya na Amerika Kaskazini ni mmoja kati ya 17,000 hadi 20,000. Kwa makadirio hayo, shule yenye wanafunzi wengi inaweza kuwa na mtoto mmoja au wawili wa namna hiyo, na mwalimu yeyote anaweza kupangiwa darasa lenye mmoja wao.

Madhara ya jua hujilimbikiza. Ngozi ya mtoto huanza kwa kuwa nyekundu na kuuma, kisha hutokea madoa, magamba makavu yasiyopona na midomo inayopasuka. Miaka inavyopita, baadhi ya sehemu hizo hugeuka kuwa saratani. Masikio, shingo, uso, midomo na migongo ya mikono ndivyo viungo vinavyoathirika zaidi, kwa kuwa ndivyo visivyofunikwa na sare.

Mafuta yanayofaa ni yale yanayozuia aina zote mbili za mionzi ya urujuanimno inayofika ardhini, yenye kipimo cha kinga cha 30 au zaidi. Kipimo hicho huandikwa kwenye chupa kwa herufi SPF. Mafuta ya 30 huzuia takribani asilimia 97 ya mionzi inayounguza ngozi, na ya 50 huzuia karibu asilimia 98. Tofauti ni ndogo, na si busara kulipia bei kubwa zaidi kwa ajili yake. Kinachoamua kinga ni wingi wa mafuta yanayopakwa na kurudia kuyapaka. Mafuta yaliyopakwa kiduchu hayatoi kinga iliyoandikwa kwenye chupa, hata kama ni ya aina bora.

Mafuta hupakwa dakika 15 hadi 30 kabla ya kutoka nje, na hurudiwa kila baada ya saa mbili mtoto akiwa juani, au mapema zaidi akitoka jasho au kunawa. Hapa ndipo ratiba ya shule inapoleta tatizo. Mtoto anayepakwa mafuta nyumbani saa 12:00 asubuhi, wakati kivuli bado ni kirefu, hufika mapumziko ya saa 4:00 mafuta yakiwa yameshaisha nguvu. Mzazi anaamini amemkinga mwanawe, naye mtoto anacheza juani bila kinga. Pale mafuta yanapokuwa machache, mpako wa shuleni, dakika chache kabla ya mapumziko, una thamani kubwa kuliko ule wa alfajiri, na unaofuata kwa umuhimu ni ule wa kabla ya kurudi nyumbani. Chupa moja inapaswa kubaki shuleni, kwa mwalimu wa darasa au mwalimu wa afya, na kwa wanaolala bweni, kwa matroni au patroni. Mtoto wa darasa la kwanza hawezi kuachiwa jukumu hilo peke yake. Husahau shingo na masikio.

Hesabu ya nguo na mafuta

Mafuta yanapozungumzwa sana, nguo husahaulika, ilhali nguo ndiyo kinga ya kwanza na ya bei nafuu. Kiwango kinachotumika kupima mafuta ni miligramu 2 kwa kila sentimita mraba ya ngozi. Mtoto wa darasa la tatu mwenye shati la mikono mifupi na kaptura huacha wazi takribani sentimita mraba 3,300, hivyo huhitaji karibu gramu 6.6 kwa kila mpako. Akipakwa mara mbili kwa siku, kopo la gramu 100 humalizika baada ya siku saba hivi za masomo. Mtoto huyohuyo akivaa shati la mikono mirefu, suruali au sketi ndefu na soksi, hubaki wazi uso, masikio, shingo na mikono tu, yaani karibu sentimita mraba 1,000. Kopo lilelile humtosha kwa siku 25, sawa na wiki tano za masomo. Hayo ni makadirio, na watoto hutofautiana kimo, lakini yanaonesha kuwa sare ndefu huokoa zaidi ya nusu ya gharama ya mafuta.

Kwa sababu hiyo, kanuni ya sare inayomlazimisha kila mwanafunzi kuvaa mikono mifupi, au inayomtaka avue kofia mstarini na uwanjani, humweka mtoto mwenye ualbino katika hatari isiyo ya lazima. Kofia inayofaa ni ya pama, yenye ukingo mpana kuzunguka kichwa chote. Chepeo huacha masikio na shingo wazi. Paredi ndefu, usafi wa mazingira, kazi za bustani na michezo vinaweza kupangwa asubuhi na mapema, au mtoto huyo akapewa sehemu ya kazi iliyo kivulini pasipo kutengwa na wenzake. Kumsimamisha juani kama adhabu ni kumdhuru mwili.

Kivuli nacho hutofautiana. Mwembe uliofunga majani hukinga vizuri kuliko mti wenye majani machache, lakini mchanga mweupe hurudisha takribani asilimia 15 ya mionzi, hivyo aliye kivulini ufukweni bado anafikiwa.

Upatikanaji

Mafuta aina ya Kilisun, yaliyobuniwa mahususi kwa watu wenye ualbino, hutengenezwa hapa nchini mjini Moshi, kupitia kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo Hospitali ya KCMC. Mahali ambapo hayajafika, mzazi anashauriwa kumwona Ofisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri au mganga mfawidhi wa kituo cha afya kilicho karibu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010, inatambua haki ya mtoto mwenye ulemavu kusoma katika shule za kawaida na kupatiwa huduma saidizi. Misaada inayotolewa siku ya maadhimisho ya Juni 13 ni ya kupongezwa, lakini kwa hesabu iliyotajwa hapo juu, kopo moja haliwezi kumvusha mtoto muhula mzima. Kinachohitajika ni mgawo usiokatika.

Mzazi anayenunua dukani asome lebo na tarehe ya mwisho wa matumizi, na asinunue mafuta yasiyo na kipimo cha kinga kilichoandikwa. Mafuta ya nazi, mafuta ya mgando na losheni za kawaida hulainisha ngozi tu, hayazuii mionzi. Chupa isiwekwe juani wala dirishani, kwani joto huharibu dawa iliyomo.

Wapo watoto wengine wachache wanaohitaji kinga ya ziada: wenye mabaka meupe yaliyopoteza rangi, wenye magonjwa yanayozidishwa na jua, na wanaotumia baadhi ya dawa, ikiwemo doksisaiklini, ambazo huifanya ngozi iungue kirahisi. Hao hupewa maelekezo na daktari. Watoto waliopakwa vipodozi vya kujichubua wamo pia katika kundi hili, kwa kuwa vipodozi hivyo huondoa melanini ambayo ndiyo kinga yao, na tiba ya kwanza ni kuacha kuvitumia. Kwa watoto wengine wote, kuwa nje kwa kiasi ni jambo jema, kwa sababu ngozi hutumia mwanga wa jua kutengeneza vitamini D inayoimarisha mifupa.

Mtoto mwenye ualbino huwa pia na uoni hafifu na macho yanayosumbuliwa na mwanga mkali. Akae mbele, mbali na dirisha linalopigwa na jua, aruhusiwe kusogelea ubao, na apewe maandishi makubwa katika mazoezi na mitihani. Ngozi yake ichunguzwe na mtaalamu wa afya kila baada ya miezi sita. Kidonda chochote, gamba au uvimbe usiopona kwa wiki nne, hasa kwenye sikio, mdomo au shingo, upelekwe hospitalini bila kusubiri tarehe ya kliniki.