"Shall": neno dogo la Kiingereza lililobeba deni

Ukipewa mkataba wa Kiingereza wa kukodi shamba, kuchukua mkopo au kuuza mazao, kuna neno utakalolikuta karibu kila kifungu: "shall". Wengi tulifundishwa shuleni kwamba linaonyesha wakati ujao, kama "-ta-" katika "nitakuja". Kwenye mkataba, maana hiyo peke yake inaweza kukuponza.

Neno hili limetoka wapi?

"Shall" ni kitenzi kisaidizi, hutangulia kitenzi kingine. Katika Kiingereza cha kale, zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, lilimaanisha kudaiwa au kuwajibika. Kijerumani, ambacho ni ndugu wa Kiingereza, bado kina neno "Schuld", yaani deni au hatia, lenye mzizi huohuo. Maana ya wakati ujao ilifuata baadaye, kwa kuwa unachodaiwa ni kitu ambacho bado hujakitoa. Nasi Waswahili husema ahadi ni deni.

Vitabuni linatumikaje?

Mwaka 1653 Mwingereza John Wallis alieleza kanuni yake katika kitabu cha sarufi. Mtu akisema "I shall", anatoa habari ya jambo lijalo. Akisema "you shall" au "he shall", anaahidi au anatishia. Leo wachache huifuata kanuni hiyo wanapozungumza, lakini inasaidia kusoma maandiko ya zamani.

Katika Biblia ya Kiingereza ya King James ya mwaka 1611, Amri Kumi nyingi zimeandikwa kwa "shalt", umbo la zamani la "shall". Biblia za Kiswahili hutumia "usi-", na hakuna anayedhani kuwa ni utabiri.

Shakespeare alilitumia kuonyesha mvutano wa madaraka. Katika tamthilia ya Coriolanus, shujaa wa Roma anamsikia mwakilishi wa watu wa kawaida akitamka "shall". Anawaka kwa hasira na kulirudia neno hilo mara kadhaa. Kwake, mtu wa chini hana haki ya kusema kwa kuamuru.

Sheria inasemaje?

Tanzania, Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, inaeleza kwamba sheria ikitumia "shall" kumpa mtu jukumu, jukumu hilo ni lazima litekelezwe. Ikitumia "may", anayepewa mamlaka ana hiari.

Hata hivyo, neno peke yake halitekelezi kitu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inataka jinsia moja isizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa. Ibara ya 261 inaeleza kwamba Bunge likishindwa kutunga sheria zinazotakiwa, hata baada ya amri ya mahakama, Jaji Mkuu "shall" amshauri Rais alivunje, na Rais "shall" alivunje. Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alitoa ushauri huo. Mahakama Kuu ikausimamisha kwa muda, na Bunge likaendelea hadi uchaguzi wa 2022.

Afrika Kusini, katika katiba yake ya mwaka 1996, ilichagua kuandika "must", yaani lazima, ili kupunguza utata.

Ufanye nini na mkataba wako?

Tazama mfano huu. Mkataba ukisema "The buyer shall collect the maize by Friday", mnunuzi amefungwa kuja kuchukua mahindi kabla Ijumaa haijapita. Ukisema "The buyer may collect", anaweza asije, na huna cha kumdai hata mahindi yakikuozea.

Kabla ya kutia saini au dole gumba, mwombe mtu unayemwamini azungushie duara kila "shall" na kila "may". Kwa kila "shall" uliza: nani anabanwa? Afanye nini? Kufikia lini? Asipofanya, inakuwaje? Ukiona "shall" zote ziko upande wako na "may" zote ziko upande wa mwenzako, deni lote ni lako. Hapo omba mkataba urekebishwe kwanza.